Litania ya LUKU

Oktoba ni mwezi wa Rozari, na Oktoba hiyo mama mkwe akaja kututembelea kutoka Mbinga. Kusema kweli, Rozari ya jioni nyumbani kwetu ilishabaki ya kubahatisha. Lakini Jumamosi aliyofika, mkeka nilitandika mwenyewe sebuleni, nikaongoza kwa sauti ya katekista.

Sasa kuna kajambo. Asubuhi ile mke wangu alinipa shilingi 10,000 ninunue umeme wa LUKU, ule wa kulipia kabla ya kutumia. Nikatoka na binti yetu wa miaka sita, tukapita mahali wanapokaanga kitimoto. Sitaki kuingia ndani sana. Ila ijulikane kwamba harufu ndiyo iliyotufuata, si sisi tulioifuata. Mita ilikuwa na uniti tatu, nikapiga hesabu kuwa kesho tutafika. Hesabu hiyo haikujua kwamba mama mkwe akifika ugenini hupiga pasi vitenge vyote, hadi alichosafiria.

Basi tukasali. Matendo ya Furaha yalikuwa mdomoni tu, masikio yalikuwa kwenye mita, iliyokwisha kuanza kulia pii, pii, pii. Makumi matano yakaisha salama, tukaingia Litania.

"Mlango wa mbingu."

"Utuombee."

"Nyota ya asubuhi."

Giza tii.

"Wamekata mtaa mzima," nikawahi kusema.

"Baba, mbona kwa jirani redio inaimba?"

Sijapata jibu, mtoto akaanza kusali kwa sauti ya kutaka kulia: "Ee Yesu, washa taa. Hela ya umeme hatuili tena. Mimi nilikula vipande vitatu tu, vingine vyote alikula baba."

Mke wangu hakusema neno. Walio kwenye ndoa wanakijua kimya hicho. Niliona tu uso wake umemulikwa na simu, vidole vinagonga, na punde ujumbe wa umeme ukaingia: tarakimu 20 za kubonyeza kwenye mita.

"Panda kwenye stuli," akasema.

Mita yetu iko juu ya mlango. Fundi aliyeifunga sijui alimpimia nani. Nikapanda, nikapapasa vitufe.

"Sita, moja, nne, tisa," akasoma mke wangu.

"Utuombee," ikaitikia sauti kutoka mkekani.

Mama mkwe! Masikio yake si mazima sana, na akisali hufumba macho. Kwake taa hazikuzimika, wala Litania haikuisha.

"Sifuri, mbili, nane, nane."

"Utuombee."

Kicheko kikanibana, stuli ikaanza kuyumba, kidole kikatua kwenye saba. Mita ikakataa. Tukaanza upya, safari hii mjukuu anaitikia na bibi yake, na mke wangu, aliyekuwa bado hajanisamehe, namsikia anabania kicheko puani mpaka kikamponyoka. Na mimi kule juu, jasho linanichuruzika, ndipo nikatambua kwamba jioni nzima nilikuwa nasomesha wenzangu sala bila kusali hata moja. Kwenye fungu la nne nikaitikia "utuombee" kwa moyo wangu wote, maana simu ilibakiwa na chaji asilimia mbili.

Fungu la tano. Taa pa!

Mama mkwe akafumbua macho, akafanya ishara ya msalaba taratibu. "Litania za siku hizi ndefu," akasema.

Tukaenda kula. Maharage yalikuwa yameshikana chini kidogo, hakuna aliyelalamika, na mimi hasa sikuwa na haki ya kulalamika usiku ule. Nikachukua birika na beseni, nikainama kumnawisha mama mkwe. Akanawa kidole kimoja kimoja, hana haraka, kisha akanisogelea sikioni.

"Baba," akanong'ona, "huko mnakokulia umeme, ndizi za kukaanga zipo?"