Jina la Martius Kwenye Mvumo

Mvumo, ule mti mrefu wenye shina lililofura katikati unaostawi katika bonde la Rufiji, huandikwa na wanasayansi Borassus aethiopum Mart. Herufi nne za mwisho ni kifupisho cha Carl Friedrich Philipp von Martius, mtaalamu wa mimea Mjerumani aliyezaliwa Erlangen mwaka 1794 na ambaye hakuwahi kufika Afrika Mashariki. Jina lake limo humo kwa sababu ndiye aliyechapisha jina hilo la kisayansi, ingawa wenyeji walikuwa wakiutumia mti huo tangu enzi na enzi. Hiyo ni kanuni ya uandishi, si hati ya umiliki, na kwa hilo sioni sababu ya kumlaumu. Deni lake liko kwingine.

Mwaka 1817 Martius aliondoka kwenda Brazil pamoja na Johann Baptist von Spix, mtaalamu wa wanyama, kwa agizo la mfalme wa Bavaria, na kwa karibu miaka mitatu wakasafiri hadi ndani ya bonde la Amazon. Miti ya jamii ya mnazi ilikuwa imewashinda wataalamu wengi wa mimea, kwa kuwa jani moja laweza kuzidi urefu wa chumba, maua mara nyingi yako kileleni, na mti wenyewe hauwezi kubanwa kwenye karatasi ukakaushwa kama majani ya kawaida. Juzuu zake tatu kuhusu miti hiyo, zilizoanza kutoka mwaka 1823, zina michoro zaidi ya 200, na ndani yake mtaalamu mwenzake wa mimea, Hugo von Mohl, alieleza muundo wa shina. Mengi ya majina aliyoyatoa yangali yanatumika, likiwemo Euterpe oleracea, mti wa tunda la açaí. Kitabu kikubwa cha mimea ya Brazil alichokianzisha mwaka 1840 kilikamilika mwaka 1906, yeye akiwa amekwisha kufariki miaka 38 nyuma.

Hata hivyo, msafara huo haukurudi na mimea tu. Mwishoni mwa mwaka 1820 watoto wawili wa Amazon walifikishwa Munich, mji mkuu wa Bavaria: mvulana wa kabila la Juri na msichana wa kabila la Miranha, waliotoka katika jamii mbili za lugha tofauti. Wakapewa majina ya Johannes na Isabella, na wakawa kivutio cha mji. Mvulana alikufa mwaka 1821, msichana akamfuata mwaka 1822. Spix na Martius walitunukiwa nishani.

Wanaomtetea husema kwamba ndivyo ulimwengu ulivyokuwa siku zile. Ni kweli kwamba Ulaya ilizoea kuonyesha watu wa mbali kama vioja, lakini utetezi huo unayumba, kwa sababu Martius mwenyewe baadaye alikuja kujutia kitendo hicho. Aliyejuta hawezi kutetewa kwa hoja kwamba hakujua. Jambo lingine linalonitatiza ni kwamba alikusanya msamiati wa lugha nyingi za Brazil, kazi yenye manufaa kwa wanaisimu, huku akiamini kuwa wenye lugha hizo ni watu wa kutoweka. Ni kama aliyaokota maneno yao kwa jicho lilelile aliloyaokotea majani.

Hata hivyo, anayetaka jina lake lifutwe kwenye miti atawasumbua wanabotania bila kuwafaa watoto wale kwa lolote, maana "Mart." ndiyo inayomwongoza mtafiti hadi kwenye maelezo ya kwanza ya mvumo. Linalowezekana, na ambalo halifanyiki vya kutosha, ni kuwataja watoto hao kila wasifu wake unapoandikwa, tena si katika tanbihi.

Martius alizikwa Munich mwaka 1868, na kaburi lake lina maneno ya Kilatini yasemayo kwamba anafufuka ndani ya miti yake, mbichi siku zote. Watoto wale nao walizikwa katika mji huohuo, na Malkia Karoline wa Bavaria akawawekea kumbukumbu ya shaba. Maandishi yake yanasema kwamba walipata uangalizi na upendo katika nchi ya mbali, ila baridi kali ya kaskazini haikuwahurumia. Lawama yote imebebeshwa baridi.