Wojtek hakuwa kioja cha vitani

Ndugu mwandishi, asante kwa kumkumbuka Wojtek, yule dubu wa jeshi la Poland, ila katika makala yako umemfanya kama kichekesho tu cha kambini. Askari waliomchukua akiwa mtoto huko Iran mwaka 1942 walikuwa wametoka kufungwa Usovieti, nchi yao imevamiwa, wengi hawajui kama jamaa zao wako hai. Yatima kakutana na yatima! Wakamnywesha maziwa ya kopo kwa chupa tupu ya vodka, na mwaka 1944 wakamwandikisha jeshini rasmi ili aruhusiwe kupanda nao meli kwenda Italia.

Kinachoniuma ni mwisho wake, ambao umeupitia kwa sentensi moja. Vita vilipokwisha wengi wa askari hao hawakurudi kwao Poland. Wojtek naye akapelekwa bustani ya wanyama ya Edinburgh, Uskochi, mwaka 1947, akakaa humo hadi alipokufa 1963. Wenzake wa zamani walikuwa wakija kumwona, wakimsemesha Kipolandi, naye anachangamka. Wapo walioruka uzio kabisa wakacheza naye kama zamani. Hawa ndio ulipaswa kutuandikia habari zao.