Upana wa kikosi cha Tanzania katika kriketi ya ova 50

Vijana wa kriketi wa Tanzania wa chini ya umri wa miaka 19 walipotwaa nafasi pekee ya mchujo wa Afrika jijini Lagos mwaka 2025, na kwa mara ya kwanza wakakata tiketi ya Kombe la Dunia la umri wao, vijiwe vya Tabora viliendelea kuzungumzia soka. Walistahili kusemwa zaidi, kwa sababu nafasi ile waliipata katika mechi za ova 50 (ova moja ni mipira sita inayorushwa mfululizo), na huko ndiko timu ya wakubwa inakopimwa vikali zaidi.

Mechi ya ova 50, iitwayo pia mechi ya siku moja, ina mipira 300 kwa kila upande, na hakuna mrushaji anayeruhusiwa kuzidi ova 10. Katika mchezo mfupi wa ova 20, nahodha aliye na warushaji wanne wa kutegemewa, kila mmoja kwa ova zake nne, anaweza kuzigawa zile ova nne zinazobaki bila kuumia sana. Katika ova 50, pengo la mrushaji wa tano ni mipira 60, na wapigaji wa upande wa pili wenye subira huingojea. Kadhalika kwa wapigaji: wawili wa kwanza wakitolewa mapema, zinabaki zaidi ya ova 40 zinazohitaji watu wa kukaa kwenye wiketi (vile vijiti anavyolinda mpigaji) na kukusanya mkimbio, yaani alama, mmoja mmoja. Upana wa kikosi huonekana hapo, kati ya ova ya 15 na ya 40.

Wenye matumaini wana hoja za kweli. Mwaka 2024 Tanzania ilivuka mchujo wa Kuala Lumpur na kuingia ligi ya chini ya kufuzu Kombe la Dunia la 2027, katika kundi moja na Uganda, Italia, Bahrain, Hong Kong na Singapore, ambamo kila timu hucheza mechi 15 za ova 50 na mbili za juu huendelea. Kwa wachezaji waliozoea ova 20, hilo ni darasa lisilopatikana kwa mazoezi ya nyumbani pekee. Wakongwe wa timu ya wakubwa, Abhik Patwa na Ivan Selemani, wamecheza pamoja kwa miaka mingi na wanafahamiana, na nyuma yao sasa wapo vijana waliopangiwa West Indies, Afrika Kusini na Afghanistan katika kundi lao la Kombe la Dunia. (Anayeuona mchezo huu kuwa wa Watanzania wenye asili ya Asia tu na asome majina ya Kassim Nassoro na Yalinde Nkanya katika kikosi cha wakubwa.)

Hata hivyo, wenye mashaka wanaitazama Kenya, na sina jibu jepesi la kuwapa. Mwaka 1996 Kenya iliwashinda West Indies kwa mikimbio 73 mjini Pune, India, katika Kombe la Dunia, na mwaka 2003, chini ya nahodha Steve Tikolo, ikafika nusu fainali ya Kombe la Dunia. Mwaka 2014 ilipoteza hadhi yake ya kucheza mechi rasmi za siku moja. Migogoro ya uongozi na malipo ilichangia, lakini jambo lililonisikitisha zaidi ni kwamba kizazi kile kilipochoka, nyuma yake hapakuwa na kizazi cha kulingana nacho. Nusu fainali ile ilikuwa imeuficha wembamba wa kikosi.

Mfano wa upande wa pili ulipita hapa hapa nchini. Oktoba 2008 Dar es Salaam iliandaa mashindano ya daraja la nne ya Baraza la Kimataifa la Kriketi (ICC), na Tanzania ilikuwa miongoni mwa timu sita. Aliyetwaa ubingwa ni Afghanistan, ambayo mwaka 2015 ilicheza Kombe la Dunia na mwaka 2023, nchini India, ikawafunga Uingereza, Pakistan na Sri Lanka katika Kombe moja. Viwanja vile vilikuwa vile vile kwa wote. Waafghani walikuwa na wavulana wengi waliojifunza mchezo katika kambi za wakimbizi nchini Pakistan, wakicheza kila palipokuwa na uwazi, hata nafasi ya aliyestaafu haikukosa mtu.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema mafanikio ya Lagos yanatosha kuthibitisha kwamba kikosi kimepanuka. Yameonyesha kwamba vipaji vipo. Kuvikuza ni kazi nyingine, na hapo mikoa kama yetu inahusika: kijana wa Tabora mwenye jicho kali na mkono mwepesi hana ligi ya ova 50 ya kuchezea, na viwanja vinavyojulikana, kama Gymkhana na Annadil Burhani, viko Dar es Salaam, safari ndefu ya treni kutoka hapa. Kwa timu ya wakubwa, ningependa wawili au watatu wa kikosi kile cha vijana wapewe nafasi sasa, tena katika zile ova za katikati zenye kazi ngumu, hata kama itatugharimu mechi moja au mbili, badala ya kungoja hadi Patwa na Selemani watundike madaluga.