Katheta ya Shingoni Haifunguliwi kwa Haraka

Mgonjwa wa figo anayeanza kusafishwa damu huku kwetu mara nyingi huanza na katheta ya shingoni, yaani mpira mwembamba unaoingizwa kwenye mshipa mkubwa wa damu, kwa sababu fistula ya mkononi, yaani mishipa miwili ya damu iliyounganishwa kwa upasuaji, huchukua wiki kadhaa kukomaa na figo zilizoshindwa kazi hazisubiri. Ncha ya mpira huo hukaa karibu kabisa na moyo, au ndani yake, kwa hiyo kijidudu kinachopenya kwenye kifuniko hakina safari ndefu. Ndiyo maana nashikilia kwamba, ikishawekwa, usalama wake umo mikononi mwa anayeifungua.

Muuguzi hunawa mikono, yeye na mgonjwa huvaa barakoa, na vibanio huhakikishwa vimefungwa kabla kifuniko hakijatoka, maana mshipa ulio karibu na moyo unaweza kuvuta hewa. Kisha mdomo wa katheta husuguliwa kwa spiriti au klorheksidini kwa sekunde zipatazo 15 na kuachwa ukauke wenyewe. Hapo pa kukauka ndipo watu wanapokosa subira, wakaupepea au hata kuupuliza, na kuurudishia uchafu uliokwisha kuondolewa. Plasta angavu inayofunika mahali katheta inapoingilia hubadilishwa angalau kila baada ya siku 7, ya shashi kila baada ya siku 2, na yoyote iliyolowa au kubanduka hubadilishwa papo hapo.

Kinachoniuma zaidi ni katheta ya kusafishia damu kutumiwa wodini kutundikia dripu au kutolea vipimo, eti kwa sababu mishipa ya mkono haionekani. Ndani yake mara nyingi huachwa heparini kali ili damu isigande; asiyejua hilo, akisukuma dawa bila kuivuta heparini hiyo kwanza, huiingiza yote mwilini, na mgonjwa anaweza kutokwa na damu vibaya. Mgonjwa anaposema, “Samahani sista, hii ni ya kusafishia damu tu,” asionekane mjuaji. Ana haki, na afundishwe kusema hivyo tangu siku ya kwanza, kama anavyofundishwa kwamba homa na kutetemeka si mambo ya kusubiri hadi kesho.

Katika jimbo la Michigan, Marekani, utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha maambukizi ya katheta katika vyumba vya wagonjwa mahututi yakipungua kwa hadi asilimia 66. Mojawapo ya hatua tano zilizofuatwa ilikuwa kuondoa katheta isiyohitajika. Kwa wagonjwa wetu, hilo linadai tarehe ya kutengenezewa fistula iandikwe kwenye faili siku ileile katheta inapowekwa, wala isingojewe hadi mpira uanze kuleta homa.