Kotapini za chuma laini zinatumalizia baiskeli
Wauza spea, tuambizane ukweli. Raleigh ya Nottingham, ile nyeusi ya chuma iliyobeba babu zetu na magunia ya mahindi, inataka kotapini, ile pini inayokaza mkono wa pedeli kwenye ekseli, ya milimita 9.5. Mnatupa ya 9 mkisema "itakaa tu". Haikai! Na chuma chenyewe laini kama mshumaa: ukikaza nati, nyuzi zinalika; ukipanda kilima, pini inabonyea, mkono wa pedeli unaanza kucheza. Ukiendelea kuendesha hivyo unaila ekseli, na spea ya kawaida haikuokoi, maana vikombe vya Raleigh hizo, vinavyoshika golori za ekseli, vina nyuzi 26 kwa inchi wakati vya wengine vina 24.

Kuitoa pini kuukuu nako ni kero. Fundi anagonga nyundo bila kuweka kipande cha bomba chini ya mkono wa pedeli kupokea pigo, basi golori zinachimba vikombe. Unalia.

Leteni kotapini ngumu, za saizi yake. Hata mkizidisha bei mara tatu, sisi tunaofufua baiskeli hizi nyumbani tutanunua.