Protini ya virusi: tuitoe kwenye ini au tuitengeneze?

Anayechunguza protini za virusi vya homa ya ini ana njia mbili: azitoe kwenye ini lililoambukizwa, au apandikize jeni ya kirusi ndani ya bakteria au hamira zimtengenezee protini tele. Wengi wamehamia njia ya pili, na siwalaumu. Sindano ya sampuli hutoa kijiuzi cha ini cha sentimita 2 hivi, na mgonjwa anaweza kuvuja damu kwa ajili yake. Isitoshe, ini limejaa vimeng'enya vinavyoanza kuzikatakata protini mara seli zinaposagwa. Bila baridi na dawa za kuzuia vimeng'enya hivyo, utaambulia vipandevipande. Tena kingamwili za mgonjwa huenda zimeshaing'ang'ania protini unayoitafuta.

Kirusi cha homa ya ini C kinaitetea njia ya jeni. Kilitambuliwa mwaka 1989 kwa kunakili jeni zake kutoka damu ya sokwe aliyeambukizwa, baada ya miaka mingi ya kukisaka bila mafanikio.

Lakini kirusi D kinanifanya nisite. Mwaka 1977, huko Turin, Mario Rizzetto na wenzake walikuta ndani ya viini vya seli za ini za wagonjwa wa homa ya ini B antijeni (kitu ambacho kingamwili hukishika) ambayo kingamwili zilizojulikana hazikuitambua. Waliiita delta; ndiyo protini ya kirusi D. Jeni yake haikuwa imejulikana, kwa hiyo hapakuwa na cha kupandikiza popote. Ini ndilo lililoionyesha.

Na kuna jambo zito zaidi. Delta ina aina mbili, fupi ya asidi amino (viungo vinavyounda protini) 195 na ndefu ya 214, ilhali jeni ni moja. Kimeng'enya cha seli zetu huhariri RNA ya kirusi, yaani maandishi ya jeni yake, alama inayoonyesha protini ikomee wapi inafutika, protini inarefuka. Kisha seli huibandika mkiani kipande cha mafuta, ambacho bila hicho kirusi hakiwezi kuvikwa ganda linaloazimwa kwa kirusi B. Bakteria haibandiki kipande hicho. Protini yake itakuwa safi, nyingi, na pungufu mahali penye maana kubwa: dawa ya lonafarnib imejaribiwa kwa wagonjwa ili kuzuia ubandikaji huohuo.

Ndiyo maana naona ini litangulie, hata kama mavuno ni kiduchu. Nikipewa kijiuzi kimoja, kilichobaki baada ya daktari kumaliza uchunguzi wake, nisingekimaliza kwa kutafuta umbo la protini. Kazi hiyo bakteria wanaiweza. Ningeuliza mawili tu: protini ina ukubwa gani, na seli imeibandika nini.