Timu Yenu Ikihamishwa, Mnamshtaki Nani?

Mfanyakazi mwenzangu hapa Columbus, Ohio, Mmarekani mpole ambaye huvaa jezi ya njano ya Columbus Crew, timu ya soka ya mji huu, kila Jumamosi yenye mechi hata akiwa zamu ya ghalani, aliniuliza wiki iliyopita kwamba nyumbani nashangilia timu gani. Nilimjibu kuwa nashangilia Ihefu, timu ya kwetu Mbarali, mkoani Mbeya, kwa sababu zamu ilikuwa inakaribia kwisha na sikuwa na nguvu ya kumweleza habari za Simba na Yanga. Akatoa simu, akafungua msimamo wa Ligi Kuu ya Tanzania, akashuka na kidole kutoka juu hadi chini, akapanda tena, kisha akaniuliza kwa sauti ya kunipa pole kama timu yangu imeshuka daraja. Nikamwambia haikushuka. Akauliza kama imekufa. Nikamwambia haijakufa, ipo na inacheza, ila siku hizi iko Singida na inaitwa Singida Black Stars. Akafikiri kidogo, halafu akauliza swali ambalo limenikera mpaka leo: "Sasa mlimshtaki nani?"

Hatukumshtaki mtu. Hata kikao hatukukiitisha.

Ili mwelewe kwa nini swali hilo kwake lilikuwa la kawaida kabisa, inabidi mjue yaliyowapata watu wa hapa. Oktoba 2017 ilifahamika kwamba mmiliki wa Crew wa wakati huo, Anthony Precourt, alikuwa tayari kuipeleka timu Austin, Texas, endapo Columbus isingepata uwanja mpya katikati ya mji. Crew ni moja ya timu 10 zilizoanza na MLS, ligi kuu ya soka ya Marekani, mwaka 1996, na uwanja wake wa mwaka 1999 ulikuwa wa kwanza katika ligi hiyo kujengwa mahususi kwa ajili ya soka. Baadaye ikabainika kwamba mkataba aliotumia kuinunua timu mwaka 2013 ulimtaka aibakize Columbus kwa miaka 10, lakini ulikuwa na kipengele kilichoitoa Austin katika katazo hilo. Yaani mlango wa nyuma uliachwa wazi tangu siku ya kwanza, na wenye mji hawakuambiwa.

Mashabiki wakaanzisha harakati walizoziita Save the Crew. Walijaa mbele ya ofisi za jiji, wakabandika mabango madirishani mwa maduka na baa, wakakusanya ahadi za watu wa kununua tiketi za msimu, na waliokuwa wanasheria, wahasibu na wachora michoro miongoni mwao wakatoa ujuzi wao bure. Lakini kelele peke yake haifiki mbali, hapa wala kwetu. Kilichowasaidia ni kwamba jimbo la Ohio lilikwisha kuumwa na nyoka. Mwaka 1995 mmiliki aliyeitwa Art Modell alitangaza kuihamishia Baltimore timu ya Cleveland Browns, ya ule mpira wao wa kubeba mikononi, na mwaka uliofuata jimbo likatunga sheria ambayo mpaka leo inaitwa kwa jina lake. Sheria hiyo ilisema kwamba timu inayonufaika na fedha za umma katika uwanja wake haiwezi kuhama bila ridhaa ya jiji. Ikikosa ridhaa hiyo, itoe notisi ya miezi 6 na kuwapa jiji na wakazi wa eneo hilo nafasi ya kuinunua.

Sheria hiyo ililala kabatini kwa zaidi ya miaka 20. Machi 2018 mwanasheria mkuu wa jimbo, Mike DeWine, pamoja na jiji la Columbus wakaitoa na kufungua kesi. Kabla mwaka haujaisha wakapatikana wanunuzi: familia ya Haslam, ambayo ndiyo inayomiliki Browns, na familia ya Pete Edwards, daktari wa Crew kwa miaka mingi. Timu ikabaki. Mwaka 2020 ikachukua ubingwa, mwaka 2021 ikahamia uwanja mpya katikati ya mji, mwaka 2023 ikachukua ubingwa tena. Precourt naye alipewa haki ya kuanzisha timu mpya huko Austin, nayo ikaanza kucheza mwaka 2021. Hakuna mji uliolia.

Sasa nije kwetu. Tarehe 29 Novemba 2022 Yanga ilikuja Ubaruku, wilayani Mbarali, ikiwa imecheza mechi 49 za ligi bila kufungwa, ikatangulia kupata bao pale Uwanja wa Highland Estates, na ikaondoka imefungwa 2–1. Sihitaji kuwakumbusha, hata walioumia hawajasahau. Ninachotaka kuwasimulia ni habari za shangazi yangu, ambaye huuza chakula pale Ubaruku. Kukiwa na mechi kubwa alianza kuchambua mchele tangu siku mbili kabla, akaazima yale masufuria makubwa ya msibani, na siku hiyo ya Yanga wali wake ulikwisha kabla ya mapumziko, hadi watu wakawa wanagombea ukoko. Gesti zilijaa mpaka Rujewa, na bodaboda walipandisha nauli kama vile ni mkesha wa sikukuu. Oktoba 2023 Yanga ikarudi, ikafungwa tena 2–1 palepale. Dunia nzima ya soka la Tanzania ilijua Mbarali ipo wapi.

Hata kabla msimu huo haujaisha, mechi za nyumbani za Ihefu zikahamia Uwanja wa LITI mjini Singida, na mwaka 2024 jina lenyewe, ambalo ni jina la bonde letu oevu linaloulisha Mto Ruaha Mkuu, likafutwa. Shangazi alizipata habari hizo kwa dereva wa Noah aliyekuja kumwambia asijisumbue na mchele wa mechi inayofuata.

Wala si Mbarali peke yake iliyoonja hayo. Watu wa Singida, ambao leo wanaonekana ndio waliopata, walikuwa wamepewa timu ya DTB iliyopanda daraja mwaka 2022 na kubatizwa Singida Big Stars. Mwaka uliofuata ikawa Singida Fountain Gate. Kisha msimu uleule ambao Ihefu iliingia Singida, hiyo nyingine ikafunga virago kwenda Mwanza, na baadaye ikatua Babati ikiitwa Fountain Gate tu. Jaribuni kumweleza Mmarekani mnyororo huo akiwa ameshika simu yenye msimamo wa ligi, mwone atakavyowaangalia.

Najua kinachokuja. Tayari nasikia mtu akisema: mbeba maboksi huyu, ameshiba baga, sasa anataka kutufundisha kuendesha mpira. Ndugu yangu, kubeba maboksi ninabeba kweli, tena usiku, na wala siwaoni Wamarekani kuwa malaika. Tena ngoja niwamalizie hadithi ya hiyo sheria ili msidhani nimewaficha nusu yake. Ile familia ya Haslam iliyoiokoa Crew ndiyo iliyotangaza mwaka 2024 kwamba inataka kuitoa Browns katika uwanja wake wa ufukweni Cleveland na kuipeleka kitongoji cha Brook Park. Jiji la Cleveland likaikimbilia sheria ya Modell. Juni 2025 jimbo likaibadilisha sheria hiyo kupitia bajeti, ili iihusu tu timu inayotaka kutoka nje ya Ohio, na katika bajeti hiyohiyo zikatengwa dola milioni 600 kutoka katika fedha za wananchi zisizodaiwa kwa ajili ya uwanja mpya. Aliyetia saini alikuwa gavana Mike DeWine, yuleyule aliyekwenda mahakamani mwaka 2018. Kwa hiyo msinipakazie kwamba nawaabudu watu hawa. Wana wenye fedha wao kama sisi tulivyo na wetu, na wenye fedha hula meza moja na wenye madaraka kila mahali.

Tofauti ninayoishikilia ni moja tu. Ili kumpunguzia shabiki wa Cleveland nguvu, ilibidi wabunge wakae, wapige kura, magazeti yaandike, na watu wajue ni nani alisema ndiyo na ni nani alisema hapana. Shabiki wa Mbarali hakuwa na chochote cha kupunguziwa. Hakupewa notisi, hakupewa nafasi ya kununua hata hisa moja, na ofisi ya kwenda kulalamika hakuwa nayo. Simtuhumu mtu yeyote kuvunja kanuni. Nalalamikia kanuni zenyewe, ambazo zinamtazama shabiki wa mkoani kama mpita njia aliyesimama kutazama mpira wa wengine.

Mwingine ataniambia, na huyu ninamheshimu zaidi, kwamba Ihefu ingebaki Mbarali ingekufa njaa. Kwamba timu ya mkoani haiwezi kulipa mishahara, nauli na kambi kwa viingilio vya Ubaruku, na kwamba tajiri aliyeichukua ameifikisha mahali ambapo sisi tusingeifikisha. Hoja hiyo ina uzito. Mwaka 2025 Singida Black Stars ilitwaa Kombe la Kagame, lile la klabu za Afrika Mashariki na Kati, na siwezi kusema kwa kinywa kikavu kwamba Highland Estates ingeshuhudia jambo hilo. Watu wa Singida nawapongeza kwa moyo, kwa sababu nao walikwisha kuachwa na wanastahili furaha yao. Lakini hoja ya umaskini haijibu swali la notisi. Kama timu inauzwa kwa sababu wenyeji hawana fedha, waambieni wenyeji kwanza, wapeni miezi kadhaa wajaribu: halmashauri, wakulima wakubwa wa mpunga, wafanyabiashara wa Igawa na Chimala, sisi wa nje tunaotuma fedha za harusi na misiba kila mwezi. Tukishindwa, timu iende salama. Tungeshindwa? Huenda. Mwanza wana Pamba Jiji iliyo chini ya halmashauri yao, kwa hiyo jambo lenyewe halikuanguka kutoka mbinguni.

Liko jambo jingine ambalo nyumbani hatupendi kuambiana, na hapo ndipo nitakapotukanwa zaidi. Siku ile ya 2022, pale Ubaruku, sehemu kubwa ya uwanja ilivaa njano na kijani ya Yanga. Watu wa Mbarali, ndani ya Mbarali, walikuwa wakiiombea Ihefu ifungwe, na wengine walioshangilia ushindi walikuwa watu wa Simba waliofurahia mtani kuumia. Ndiyo maana hakuna aliyeandamana Ihefu ilipoondoka: kila mmoja alikuwa na timu nyingine moyoni, iliyo Dar es Salaam, ambayo hakuna tajiri anayeweza kuthubutu kuihamisha kutoka Jangwani au Msimbazi. Sisemi hivyo kwa dharau. Mimi mwenyewe nimelelewa na baba aliyezima redio Yanga ikifungwa, na upande wangu mnaweza kuukisia. Nasema tu kwamba mapenzi yote tukiyapeleka Kariakoo, timu ya wilayani inabaki haina mwenyewe, na kitu kisicho na mwenyewe hakihitaji sheria ili kichukuliwe.

Hapa ndipo ninapoona fahari kidogo pia, kwa sababu sisi tuna kitu ambacho watu wa Columbus hawana. Ligi yao imefungwa. Hakuna kupanda wala kushuka, na Crew ingeondoka, mji ungebaki ukisubiri ligi iwauzie nafasi nyingine kwa mamilioni ya dola. Kwetu ngazi bado ipo, kuanzia ligi ya wilaya na ya mkoa mpaka juu. Mashabiki wa Wimbledon kule London waliipanda ngazi kama hiyo: timu yao iliporuhusiwa mwaka 2002 kuhamia Milton Keynes, walianzisha AFC Wimbledon mwaka huohuo katika madaraja ya chini, wakafika ligi za kulipwa mwaka 2011, na mwaka 2020 wakarudi kucheza Plough Lane, mtaa waliotoka. Hakuna mahakama iliyowarudishia. Walijisajili upya wakapanda.

Kwa hiyo TFF, yaani shirikisho letu la soka, na Bodi ya Ligi ninawaomba jambo dogo ambalo halihitaji bajeti: timu isihame mkoa katikati ya msimu, na kabla ya kuhama wenyeji wapewe notisi ya maandishi pamoja na haki ya kwanza ya kununua. Na kama kuna mtu Rujewa, Ubaruku au Chimala anayesajili timu ya kuanza chini, anitafute kupitia shangazi. Jezi na mipira ya msimu wa kwanza nitalipia mimi, kwa sharti kwamba katiba ya klabu iandike kuwa uwanja wa nyumbani na jina havibadilishwi bila kura ya wanachama, na kwamba ada ya uanachama iwe ndogo kiasi cha muuza wali kuweza kuilipa.